Kilichonitoka juu ya mkondo wa Nungwi

Kwanza, sikulia. Ile sauti ya dakika 4 inayozunguka kwenye magrupu tangu juzi, inayosema nililia ndegeni nikamwita mama, ni uongo. Mama sikumwita. Nilichosema ni kibaya zaidi, na maadam baraza ya Jaws Corner nzima wanakijua, bora mkisikie kwangu.

Mnanijua, fundi wa Vespa. Kabureta nafungua nimefumba macho. Sasa shemeji yangu rubani kaja na Cessna 172 ya mwaka 1966, imenizidi umri, anaipeleka Pemba na viti vipo. Nikamchukua sahibu yangu mmoja, mteja wa miaka. Yeye nyuma, mimi mbele kulia, hedifoni kichwani kama mkubwa.

Tangu tumeruka uwanja wa Kisauni, Unguja, sikunyamaza. Injini gani hii? Continental, silinda 6, farasi 145. Inakunywa vipi? Kiasi cha lita 30 kwa saa, kasema shemeji, ukijua kuupatia mchanganyiko. Nikadakia: "Asilimia mbili ya oili, sivyo?"

Alicheka mpaka ndege ikayumba. (Wenye Vespa mnanielewa: kwetu mchanganyiko ni oili ndani ya petroli. Nyinyi wengine chekeni tu.) Kumbe kwao mchanganyiko ni petroli na hewa. Ukipanda juu hewa inakuwa nyepesi, lakini kabureta haina habari, inamimina mafuta kama vile bado mko chini. Petroli inaizidi hewa, plagi zinashika masizi, mafuta yanapotea bure. Ndiyo maana kwenye dashibodi pana kishikio chekundu: ukikivuta, mafuta yanapungua.

Hedifoni ikasema kutoka nyuma: "Kumbe plagi nyeusi ni mafuta kuzidi? Mbona yangu nyeusi kama mkaa, na fundi kila siku ananambia petroli ya siku hizi mbovu?"

Nikajitia kutazama mnara wa taa wa Nungwi.

Tulipotulia kwenye futi 5,500, shemeji akanambia: "Haya fundi, vuta mwenyewe. Taratibu. Ukiisikia inaanza kutetemeka, rudisha ndani kidogo itulie."

Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Kishikio kigumu. Nikavuta, hakiji. Nikavuta tena, kikaja unyoya, na injini, wallahi, ikachangamka. Mtu mwenye akili angeishia hapo. Lakini mimi fundi, nataka kusikia hiyo tetemeko. Nikakaza mkono kama navuta choki asubuhi ya masika.

Kikaja chote. Chekundu, kiganjani mwangu, na fimbo yake ya chuma inang'aa.

Injini ikakohoa. Ikakohoa tena. Halafu basi.

Si kimya hasa, upepo unavuma. Na pangaboi pale mbele bado linazunguka, lakini ule mzunguko wa feni umeme ukishakatika. Chini ni mkondo wa Nungwi, pale pale boti zinapowatapisha watu, na boti moja naiona, punje ya mchele. Nikatoa shahada. Ikatoka vizuri, kwa tajwidi. Ilipokwisha nikaona bado niko hai, basi pana nafasi ya kuomba radhi, na niliyemdhulumu kakaa nyuma yangu.

"Yakhe nisamehe! Ile jeti ya kabureta yako, ya sh. 25,000, si mpya! Ni yako ile ile, niliizibua kwa waya wa breki ya baiskeli nikairudisha!"

Kwenye hedifoni neno halipeperuki. Linaingia sikioni zima zima, kama la mtu mliyelala naye mto mmoja. (Alhamdulillahi sikuwa nimebonyeza cha redio, maana mnara wa kuongozea ndege nao ungenisamehe.)

"Waya wa breki?"

"Wa breki."

"Si umelitanua tundu, fundi?"

"Nimelitanua."

"Mafuta yakawa yanapita kwa fujo."

"Yanapita kwa fujo, yakhe."

Shemeji, ambaye muda wote huo hata shingo hakugeuza, alinyoosha mkono akakisukuma kile chekundu ndani, kama mtu anafunga droo ya kabati. Injini ikanguruma pale pale. Eti maadam pangaboi linazungushwa na upepo, ukiyarudisha mafuta inawaka yenyewe. Hilo hakunambia kabla. Halafu akakivuta tena yeye, kidogo, akaskiliza, akarudisha unywele mmoja, ikatulia tuli. Vidole viwili tu. Mimi nilikuwa nimetumia bega.

Mengine mafupi. Tukatua Chake. Mimi nimerudi kwa meli. Jeti mpya nimemtilia, 25,000 yake nimemrudishia, na Vespa sasa haimtoi moshi. Angenyamaza tungekuwa sawa, lakini kairekodi ile sauti kabla hata sijafika bandarini Malindi, na mtu wa kwanza kuisikia alikuwa mke wangu.

Jana mchana kaja mzee mmoja gerejini, simjui, Vespa ya kijani. Kaizima, kavua kofia, kanitazama kwa adabu kabisa.

"Fundi, nikuachie hapa hapa, au tukapande ndege kwanza?"