Kupanda kwa Ada za Vyuo Vikuu: Wakati wa Kulipa Una Uzito Kuliko Kiasi

Tarehe 23 Septemba 1964, miezi minane baada ya Mapinduzi, Serikali ya Zanzibar ilitangaza elimu bila malipo, na tarehe hiyo huadhimishwa hadi leo. Chuo kikuu kilikuja baadaye sana. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, wakati ambapo Tanzania nzima ilikwishakubali kwamba mwanafunzi wa elimu ya juu achangie gharama za masomo yake. Ndiyo maana ada inapopanda wazee wengi huona ahadi imevunjwa, ilhali wasimamizi wa vyuo huona ni suala la mapato na matumizi tu.

Hoja ya wasimamizi haifai kupuuzwa. Mhadhiri asiyelipwa vizuri huondoka, na maabara isiyo na vifaa hutoa mhitimu ambaye hospitali na viwanda havimwamini. Iko pia hoja ya haki, ambayo watetezi wa ada ndogo hawaipendi: mwanamke anayelima mwani Micheweni, kisiwani Pemba, hulipa kodi kila anaponunua sukari, na sehemu ya kodi hiyo humsomesha mtoto wa familia ya mjini ambayo ingeweza kujilipia. Ada ndogo kwa kila mtu humpa nafuu hata asiyeihitaji.

Lakini hoja hiyo inasimama tu pale ambapo maskini ana njia nyingine ya kuingia chuoni. Uingereza ilipopandisha kikomo cha ada hadi pauni 9,000 mwaka 2012, wengi walihofu kwamba watoto wa familia duni wangetoweka vyuoni. Kwa vijana wanaosoma muda wote hilo halikutokea, kwa sababu mkopo wa ada ulikuwa haki ya kila aliyetimiza masharti, na hakuna aliyedaiwa fedha taslimu siku ya kusajiliwa. Walioporomoka kwa idadi ni wanaosoma kwa muda wa ziada, wengi wao watu wazima wenye kazi na familia, ambao masharti ya mkopo hayakuwafaa.

Hapa kwetu mkopo hushindaniwa. Elimu ya juu ni jambo la Muungano, hivyo kijana wa Zanzibar anaweza kuomba Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ya Tanzania au ile ya Zanzibar yenyewe, lakini zote mbili hutoa kwa kadiri bajeti inavyoruhusu. Kuna pia hofu ya deni, ambayo katika jamii ya Kiislamu haiishii kwenye makato ya mshahara. Tozo ya asilimia 6 iliyokuwa ikiongezwa kila mwaka kwenye deni la mkopo wa bodi ya Tanzania ilifutwa mwaka 2021, na naamini kufutwa kwake kuliwaondolea baadhi ya wanafunzi wetu shaka ya riba iliyowafanya wasite kuomba.

Kwa mwanafunzi wa Pemba, ada ni mwanzo tu wa gharama. Kozi nyingi ziko Unguja, kwa hiyo huongezeka nauli ya boti, chumba cha kupanga akikosa nafasi ya dahalia, na chakula cha kila siku. Fedha za familia nyingi hutoka kwenye karafuu, na mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka, ilhali tarehe ya malipo ya chuo haibadiliki. Familia inayoweza kulipa ada yote ndani ya mwaka inaweza kabisa kushindwa kulipa nusu yake ndani ya wiki ya usajili, na hapo kijana aliyefaulu kidato cha sita huahirisha masomo. Baadhi ya wanaoahirisha hawarudi, hasa wasichana, ambao posa huwakuta nyumbani.

Kwa hiyo sipingi kila nyongeza ya ada. Napinga nyongeza inayodaiwa mlangoni. Aliyeomba mkopo asajiliwe na aanze masomo huku ombi lake likisubiri uamuzi, awamu za malipo zipangwe kwa mazungumzo na familia zinazotegemea mavuno, nafasi za dahalia ziwafikie kwanza wanaovuka bahari, na ada aliyoingia nayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza isibadilishwe hadi atakapohitimu.