Mlinzi Aliyepanda Darini Kumtafuta Sifuri

Duka lenyewe liko Kariakoo, linauza vifaa vya ujenzi kwa jumla na rejareja. Programu yake ya risiti niliiandika mimi kwa lugha ya C, kwa sababu kompyuta ya kaunta ilikuwa kuukuu ya biti 32 na Mzee mwenye duka alikataa katakata kununua nyingine wakati hiyo "bado inawaka".

Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi, foleni ikiwa imefika barabarani, programu ilikufa ghafla. Linux, mfumo unaoiendesha kompyuta hiyo, iliniachia ujumbe kwamba programu imepigwa ishara namba 11, maana yake imegusa sehemu ya kumbukumbu isiyoruhusiwa kuigusa. Kwa bahati mbaya, wiki hiyo nilikuwa nimesoma habari za mnyoo wa Morris, programu iliyojinakili yenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta, uliosambaa katika intaneti Novemba 1988, na ambao mojawapo ya njia zake za kuingia ilikuwa kuilisha programu ya fingerd maandishi marefu kuliko nafasi iliyotengewa. Mtu aliyesoma mambo ya namna hiyo Jumatano hastahili kukabidhiwa kompyuta Jumamosi. Nilichomoa waya wa intaneti, nikamwambia dada wa kaunta aandike risiti kwa mkono, kisha nikamnong'oneza Mzee, kwa mnong'ono ambao foleni nzima iliusikia, kwamba kuna mtu anajaribu kuingia.

Mlinzi naye aliusikia. Alichukua rungu, akazunguka nyuma ya duka, na alipokosa mtu akaegesha ngazi na kupanda darini.

"Ameiba nini?" Mzee aliniuliza.

"Bado hajaiba kitu, Mzee."

"Ametokea wapi?"

Wakati huo nilikuwa nimekwisha kuifungua maiti ya programu kwa gdb, chombo cha kuchunguza programu ilifia wapi, nikajibu kwa uaminifu wa kitaalamu: "Anwani sifuri."

"Sifuri ndiyo mtaa gani?"

Sikuweza kumjibu, kwa kuwa nilikuwa nimeanza kuelewa nilichokuwa nakitazama. Karatasi ya risiti ilikuwa imekwisha katika printa. Ile kazi ya kuitafuta printa (kazi ni kipande cha programu chenye jukumu lake) ilirudi mikono mitupu, nami bila kukagua nikakitumia kielekezi kitupu, yaani anwani ya kumbukumbu iliyo sifuri, kana kwamba kina kitu. Linux huwa haiachii programu ya kawaida kurasa za mwanzo kabisa za kumbukumbu, kwa hiyo anayekwenda sifuri hakuti mlango wala dirisha. Anajigonga ukutani na kufa. Ni aibu, na ni hasara kwa siku ya mauzo, lakini mwizi hapati pa kushika. Wakati nikimweleza Mzee hayo, vumbi lilikuwa likitudondokea kutoka darini, na mguu mmoja wa mlinzi ulikuwa umetokeza kwenye dari juu ya mafungu ya misumari.

Dari nililipia mimi.

Wiki tatu baadaye programu ilikufa tena, nami safari hii nilikuja nikiwa mtu mtulivu, mwenye busara ya aliyekwisha kulipia dari. Chanzo kilikuwa dhahiri: dada wa kaunta alikuwa amekwenda kuchukua chai, akaegemeza kaunta buku juu ya kibodi, na pembe yake ikabonyeza kitufe cha herufi kubwa, kisha ikalala juu ya A. Aliporudi alikuta nafasi ya jina la mteja imejaa AAAA zisizo na mwisho, akabonyeza kitufe cha kuingiza ili zimwondokee, na kila kitu kikazimika. Niliandika katika daftari la matengenezo: "Kosa la mtumiaji. Si suala la usalama. Kaunta buku ihamishwe."

Aliyekuwa nami siku hiyo ni binti wa chuo aliyekuja kwa mafunzo kwa vitendo. Aliitazama skrini yangu kwa muda.

"Kaka, samahani. Programu ilikuwa inakwenda wapi ilipokufa?"

"Anwani 0x41414141," nilimjibu bila kugeuka.

"Na 41 katika namba za msingi wa 16 ni herufi gani?"

"Ni A, mdogo wangu, hiyo ni..."

Sikuimalizia sentensi. Nafasi ya jina ilikuwa ya herufi 64, kaunta buku ilikuwa imeandika mamia, na zilizofurika zilikuwa zimeifunika anwani ambayo kazi ya kusoma jina ilipaswa kurudi baada ya kumaliza. Programu haikujikwaa, ilitii. Ilikwenda mahali ambapo kaunta buku iliielekeza, na ikafa tu kwa sababu kaunta buku haina mahali inapotaka kwenda. Mtu mwenye nia angechagua herufi nyingine.

"Lakini lazima awe ameketi kaunta," nilijitetea.

"Na majina ya oda za kwenye tovuti yanasomwa na kazi gani?"

Ilikuwa hiyo hiyo. Nilikuwa nimejisifia kwa kutoiandika mara mbili.

Kisha akauliza, kwa upole ulioniumiza kuliko dharau, kwa nini kompaila, programu inayogeuza maandishi ya C kuwa lugha ya mashine, haikuweka ile namba ya ulinzi kabla ya anwani ya kurudi, ambayo ikiharibiwa programu husimamishwa palepale. Nilikiri kwamba ilikuwapo, ila niliizima mwenyewe, kwa kuwa kila lilipoingizwa jina refu la kampuni ya ukandarasi ilikuwa inaiua programu, nami nilidhani ina kasoro.

Nilichomoa waya wa intaneti kwa mara ya pili, nikampigia Mzee simu.

"Shikamoo Mzee. Tuna tatizo la usalama, na safari hii ni la kweli."

"Marahaba," alisema, kisha akanyamaza. Nilimsikia akiuziba mdomo wa simu kwa kiganja, lakini sauti ilipenya: "Wewe, rudisha hiyo ngazi. Ni yule fundi tena."