Si Kila Bastola Kuukuu Ilitoka Lugalo

Hapa Iringa, silaha yoyote yenye kutu ikiteremshwa kutoka darini husemwa kuwa ilitekwa Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, siku Wahehe walipokivunja kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, naye mwenyewe akauawa. Naielewa fahari hiyo, maana nimekulia ndani yake. Hata hivyo, naona tunaikosea historia tunapokisemea chuma kabla ya kukisoma.

Mzee mmoja wa jirani na Kalenga alinionyesha bastola ya silinda iliyoachwa na babu yake, ambayo alikuwa amekwisha kuitolea taarifa polisi. Nalitaja hilo makusudi, kwani silaha haiachi kuwa silaha kwa sababu ya uzee. “Mwanangu, hii ni ya Zelewski,” aliniambia.

Bastola ya jeshi la Wajerumani ya enzi ile, yaani ya mtindo wa 1879 au 1883, ilibeba risasi sita za milimita 10.6, na maganda yake yalisukumwa nje moja moja kwa kijiti kupitia kilango cha ubavuni. Mwilini mwake mara nyingi hugongwa muhuri wenye jina la mji wa Suhl, au taji juu ya neno Erfurt. Ile ya mzee ilifunguka kwa kuinamisha mtutu, mfumo unaotoa maganda yote kwa mpigo mmoja, na juu yake bado yalisomeka maandishi MARK VI. Hiyo ni Webley ya Kiingereza, toleo lililopokewa jeshini mwaka 1915, miaka 24 baada ya Lugalo.

Kilichonisikitisha zaidi ni kwamba mjukuu alikuwa ameisugua kwa msasa ili ing’ae, akafuta namba na alama ndogo ambazo pengine zingetuambia ilitengenezwa mwaka gani na ilipitia mikono ya nani. Kutu ingetuachia mengi kuliko msasa ule.

Mzee alinyamaza kwa muda mrefu, na nilidhani nimemvunjia heshima. Nilimkumbusha kuwa Waingereza waliingia Iringa Agosti 1916, nikamwuliza babu yake alikuwa wapi wakati huo. Ndipo akaanza kusimulia habari ambayo, kwa maelezo yake, hakuna aliyewahi kumwuliza: babu alichukuliwa kuwa mpagazi, akabeba mizigo ya ofisa mmoja wa Kiingereza njia ya Njombe, na alirudi peke yake.