Sauti Mia kwa Mia, na Bado Sisikii

Leo asubuhi nimeamka nikiwa na deni la laki tano. Sijakopa, sijamdhamini mtu, sijaweka dole gumba popote. Nimefungua simu nione saa, nikakuta ujumbe wa mhazini wa kamati ya harusi: "Kamati inakushukuru sana Baba Neema kwa ahadi yako ya Tsh 500,000. Mungu akuongezee pale ulipopunguza." Nilipopunguza! Mimi niliingia kwenye kile kikao nikiwa na elfu hamsini kichwani, na hiyo elfu hamsini yenyewe nilishapanga kuilipa kwa awamu mbili.

Kosa ni la spika.

Mnajua vikao vya harusi vya siku hizi. Zamani mlikuwa mnakutana baa, mtu anaagiza soda yake, akiona zamu ya ahadi inamkaribia anakwenda msalani na anarudi mada imehamia kwenye ukumbi. Sasa kikao ni cha mtandaoni, saa mbili usiku, na msalani hukimbilii popote kwa sababu jina lako limebaki pale kwenye kioo limekodoa macho. Basi nikakaa mbele ya kompyuta yangu ya mezani, juu shati la mikono mirefu, chini kikoi, nikapandisha sauti mpaka 100. Mia kwa mia. Kilichotoka ni kama mtu anayeungama dhambi zake nyumba ya tatu.

Nikalaza sikio kwenye spika. Shemeji yangu kanitumia picha leo: kwa dakika arobaini kamati nzima ilikuwa inaangalia sikio. Si uso, sikio, limejaa kioo kizima, na kwa chini limeandikwa jina langu kamili. Nikiwa hapohapo nikasikia mwenyekiti anasema, "Baba Neema... ta... o?" Nikajua ananiuliza kama niko kwenye mtandao. Nikajibu kwa ile sauti ya mtu mwenye heshima zake, "Nipo, nipo! Endeleeni tu!" Kumbe mwenzangu kauliza, "Baba Neema, tukuandikie laki tano?" Nikaona watu wote wanapiga makofi. Na mimi nikapiga.

Sasa niambieni, katika jiji la Dar es Salaam, kweli mtu anakosa sauti? Jiji hili kila kitu kinapiga kelele. Baa ya nyuma ya nyumba yetu ikifungulia muziki, vyombo vya Mama Neema vinatembea vyenyewe kwenye kabati. Konda anakuita kama vile umemuibia. Muuza kahawa anagonganisha vikombe vyake, unamsikia tangu anatoka kwake. Yupo na yule wa dawa ya panya, ana kispika kidogo cha betri, kinaingia mfukoni, lakini kikisema "mende, kunguni, panya" hata panya wa wilaya ya jirani wanaanza kufunga mizigo. Mahali pekee penye utulivu katika kata yetu nzima ni ndani ya spika zangu, nilizonunua kwa hela yangu.

Nikasema nisiwe mtu wa kulalamika, nichunguze kama msomi. Nikaingia chini ya meza. Nyuma ya hiyo mashine kuna matundu matatu ya rangi: kijani, pinki, bluu. La kijani ndilo la spika, la pinki la maikrofoni, la bluu la kuingizia sauti kutoka kifaa kingine. Waya wangu ulikuwa kwenye kijani, umekaa vizuri, hauna tatizo na mtu. Nikauchomoa, nikaurudisha. Nikakizungusha kile kitufe cha kwenye spika yenyewe mpaka kikagoma. Nikanyanyuka, nikagonga kichwa kwenye meza, na huo mgongano ulitoa sauti kubwa kuliko kikao kizima cha jana.

Nikaingia kwenye mipangilio ya Windows. Huko nimekutana na jambo ambalo sijui nicheke au nilie. Kuna ukurasa wa mawasiliano, umeandikwa kwamba kompyuta ikihisi mtu anapigiwa simu, inapunguza sauti nyingine zote kwa asilimia 80. Hakuna aliyeiomba, imekuja nayo hivyo kutoka kiwandani. Ikisikia simu inajua yenyewe kwamba sasa watu wanazungumza, ninyamaze. Nikamfikiria jirani yangu mwenye baa. Nikafikiria ndugu zangu kwenye msiba. Yaani tabia njema yote wamekwenda kuiweka kwenye kompyuta! Nikaizima hiyo adabu, nikaiambia isifanye kitu. Sauti ikabaki palepale.

Ndipo nikaamua Kariakoo.

Nikaitia ile mashine kwenye shangazi kaja, spika zikakaa juu, nikapanda daladala. Konda akautazama mzigo, akanitazama mimi, akasema "hiyo nayo ni abiria." Nikalipa nauli mbili. Nimesafiri kutoka Tabata nimepakata abiria asiyesema.

Fundi nimempata ghorofani, chumba cha upana wa kitanda, watu wanne ndani na kila mtu ana biashara yake. Kijana wa kama miaka ishirini na tano, ana bisibisi sikioni kama karani wa zamani alivyoweka kalamu. Akaniambia, "Karibu mzee wangu." Nina miaka arobaini na sita. Nikanyamaza, maana ukishafika kwa fundi wewe ni mgonjwa, na mgonjwa habishani na mtu mwenye sindano.

"Tatizo nini, mzee?"

"Sauti ndogo."

Akaitazama mashine bila kuigusa. Akasikitika. Mafundi wote nadhani wanafundishwa kile kichwa cha masikitiko kabla hata hawajafundishwa kushika bisibisi. Akauliza, "Nani alishawahi kuifungua hii?" Nikamwambia hakuna. Akasema, "Hapana, hii imeshafunguliwa," kwa sauti ya mume aliyekuta viatu visivyo vyake mlangoni. Nikaanza kujitetea. Nimekuja na shida ya spika, sasa naapa mbele ya watu wanne nisiowajua kwamba mashine yangu sijawahi kuifungua wala kuruhusu mtu aifungue.

Akafungua. Vumbi lililotoka lilikuwa la kutosha kupanda mchicha. Akalipuliza, likaja kwangu. Akaingiza kibano mle ndani taratibu, akatoa mende. Mende mkubwa, mkavu, amekufa siku nyingi, miguu juu. Akamweka mezani juu ya kipande cha karatasi, wote tukasogea kumwangalia, hata yule anayeuza kava za simu akaacha mteja.

"Huyu," fundi akasema, "ndiye anayekula sauti."

Mimi elimu yangu si kubwa, lakini niliona maneno hayo hayajakaa sawa. Nikauliza mende anakulaje sauti. Akaniambia kwamba mende akikaa kwenye saketi anakula mawimbi. Wale watatu wakaitikia, "Ndiyo, anakula." Nikajiona mshamba mimi peke yangu.

Akaunganisha spika zangu, akachomeka flashi yake, akafungua muziki. Ndugu zangu! Chumba kilitikisika. Kava za simu zikaanguka ukutani. Watu wa chini wakapaza sauti kutuuliza kuna nini. Spika zilezile, waya uleule, mashine ileile iliyonifanya nilaze kichwa mezani kama mtoto wa chekechea! Nikakumbuka Neema alipokuwa mdogo, unaamka naye usiku kucha anawaka homa, mnafika hospitali asubuhi, daktari anamshika tu mkono, mtoto anacheka na kuomba biskuti. Wewe mzazi ndiye unayeonekana una matatizo.

"Elfu kumi na tano, mzee. Elfu kumi ya kufungua, elfu tano ya mende."

Nikamuuliza elfu tano ya mende ni ya kumtoa au ya kumnunua. Tukavutana mpaka elfu kumi na mbili. Mende nikamwachia.

Nje pale nikanunua dawa ya panya. Msiniulize kwa nini. Yule muuzaji alikuwa amesimama mlangoni na kile kispika chake, na mimi nilikuwa natazama kile kispika, sikuitazama dawa. Nikamuuliza anakiuzaje, akaniambia hakiuzwi, kinachouzwa ni dawa. Sasa umeshamsimamisha mtu dakika tano, utaondokaje mikono mitupu? Elfu moja.

Nimefika nyumbani saa kumi, nimeunganisha kila kitu, nimefungua rekodi ya kikao cha jana ili nipate ushahidi kwamba sikusema laki tano. Sauti: mtu anayeungama dhambi, nyumba ya tatu.

Hapo heshima ikaniisha. Nilisema maneno ambayo Mama Neema alitoka jikoni kuja kuangalia kama kuna mgeni. Nikampigia fundi.

"Fundi, haisikiki!"

"Weka simu kwenye spika, mzee, nisikie."

Nikaweka. "Unasikia?"

"Sisikii kitu."

"Basi ndilo tatizo lenyewe!"

Akafikiri kidogo. Akasema tulia mzee, nakuelekeza, usiwe na haraka. Lakini sasa alikuwa ameshuka chini, yuko nje barabarani, na nyuma yake yupo yule bwana na kispika chake. Kwa hiyo maelekezo yalinifikia hivi:

"Mzee, shika kipanya..."

"Panya! Mende! Kunguni!"

"...kipeleke chini kabisa, pembeni, karibu na saa..."

"Anakufa hapohapo!"

"...bonyeza kulia..."

"Hanuki, hatoi harufu!"

"...utaona mikisa ya sauti. Umemuona?"

"Nimuone nani, fundi? Panya?"

"Kipanya, mzee! Shika kipanya!"

"Buku tu! Buku! Familia nzima ya panya inakufa!"

Mama Neema kasimama mlangoni na mwiko, anamsikiliza mumewe akipiga kelele kwenye simu, "Nimeshambonyeza kulia lakini hafi!" Nadhani ameshaanza kuwapigia ndugu zangu.

Hatimaye nikaipata hiyo mikisa. Mikisa mimi nilimjua yule wa bendi tu, sikujua kwamba kila nyumba yenye kompyuta inaye. Na mle ndani nikakuta siri ya mambo. Kumbe sauti ya kompyuta si moja! Kuna ile kubwa ya juu, halafu kila programu ina ya kwake. Ile kubwa ilikuwa 100 kweli, haikudanganya. Programu ya muziki 100, ndiyo maana kwa fundi iliimba mpaka watu wakauliza. Lakini kivinjari, ninachoingilia kwenye kikao, kilikuwa 6. Sita!

Ni sawasawa na hela za mradi. Juu kabisa wanatangaza zimetoka zote, mia kwa mia, na kweli zimetoka. Halafu zinapita ofisi hii inapunguza, ofisi ile inapunguza. Hata wakiwa wawili tu na kila mmoja akapitisha nusu, wewe umeshabakiwa na robo, na bado kuna kile kitufe cha video yenyewe, na kile cha kwenye spika. Mwananchi amekaa mwisho wa waya ametega sikio, anaambiwa juu iko mia.

Nikakisukuma kivinjari mpaka juu. Mwenyekiti akatoka kwenye spika akiwa mzima mzima: "BABA NEEMA, TUKUANDIKIE LAKI TANO?" Paka wa jirani akaruka dirishani. Halafu nikajisikia mwenyewe, waziwazi, bila kukwaruza hata kidogo: "Nipo, nipo! Endeleeni tu!" Ushahidi nimeupata. Ni wa kwao.

"Nani aliyeishusha hii kitu?" nikauliza nyumba nzima kwa ukali. Neema akasema si yeye. Mama yake akasema yeye hiyo mashine hata kuiwasha haiwashi, labda nijiulize ni nani aliyekuwa anaangalia mpira Jumatano saa tano usiku huku wenzake wamelala.

Nikakumbuka. Ni kweli usiku ule nilibonyeza mahali nisipopajua, nikavuta kitu, sauti ikashuka, nikamshukuru Mungu nikaendelea na kipindi cha pili. Timu ikafungwa, na mtu aliyefungwa usiku hakumbuki alichoshusha.

Nimemwandikia mhazini kwa lugha ya kistaarabu kwamba kulikuwa na hitilafu za kiufundi na kamati iichukulie ahadi ile kama elfu hamsini. Kanijibu kwamba kamati ilisikia vizuri sana na jina langu limeshasomwa kwa bibi harusi, ambaye alilia. Halafu akauliza saizi yangu ya sare. Sare ya kamati inalipiwa kivyake, nadhani mlikuwa mnajua.

Sasa ni saa nne usiku. Baa bado hawajafungulia, sijui leo wamepatwa na nini, na kwa ukimya huu nasikia kitu kinakwaruza darini tangu nimekaa hapa. Kinakwenda, kinarudi. Mama Neema kageuka kitandani, kaniuliza ile dawa niliyotoka nayo Kariakoo nimeiweka wapi.

Niliisahau kwenye daladala, juu ya siti ya yule abiria wangu. Nimejifanya sijasikia.