Miguu mmekagua, kumbukumbu je?

Shangazi yangu ana sukari, mwaka wa kumi na nane huu. Kila mwezi tunapanda daladala kwenda kliniki, na mambo ni yale yale: anatobolewa kidole, anapimwa presha, miguu inakaguliwa kama ina kidonda, anaulizwa macho yanaonaje. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza, "Bibi, leo siku gani?"

Mwaka jana alijichoma insulini mara mbili asubuhi moja, kwa kuwa ile ya kwanza alishaisahau. Tulimkuta uani kwenye mkeka, kalowa jasho, anaropoka. Jirani akasema ni mashetani, kumbe sukari ilikuwa imeshuka mno. Bahati nzuri alikuwa bado anameza, tukampa chai iliyokolea sukari, fahamu zikamrudia taratibu. Hapo ndipo nikaanza kusoma.

Huko Rotterdam, Uholanzi, watafiti waliwafuatilia wazee zaidi ya 6,000, na matokeo yakatoka mwaka 1999: wenye kisukari walipatwa na dimenshia, huu ugonjwa wa kusahau, karibu mara mbili ya wasio nacho. Sisi huku tunasema "uzee huo", na mazungumzo yanaishia hapo.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia kama asilimia 20 ya nishati yake. Una mishipa myembamba ya damu, ndugu wa ile ya macho na figo. Sukari ikikaa juu kwa miaka, mishipa hiyo inaharibika, na sehemu ndogondogo za ubongo zinakufa kwa kukosa damu. Hapoozi mtu, hapindi mdomo. Anaanza tu kuuliza swali lile lile mara tatu. Wapo wanasayansi wanaouita ugonjwa wa Alzheimer "kisukari cha aina ya tatu", kwa sababu insulini nayo ina kazi yake ubongoni. Jina hilo mimi silipendi. Wengi wana Alzheimer na sukari yao haina neno, na wapo wazee wenye kisukari wenye akili kali kama wembe.

Lakini linalonitisha zaidi ni sukari kushuka. Utafiti wa California wa mwaka 2009, wenye wagonjwa zaidi ya 16,000, ulionyesha kuwa waliowahi kufikishwa hospitali kwa sukari kushuka vibaya walipata dimenshia zaidi kuliko wenzao. Na anayesahau ndiye anayerudia dozi, au anayechoma sindano asile. Kimoja kinamvuta mwenzake.

Kwa hiyo naona kumkimbiza mzee wa miaka 76 afikie namba za sukari za kijana ni kosa. Marekani walijaribu kushusha sukari kwa nguvu katika utafiti wa ACCORD. Mwaka 2008 wakasitisha sehemu hiyo kwa kuwa vifo viliongezeka, na baadaye ikaonekana kumbukumbu za kundi hilo hazikuwa bora kuliko za wengine. Nilipoomba shangazi alegezewe, niliangaliwa kama nataka kumuua. Daktari mwingine ndiye aliyenielewa. Huyo huyo akaagiza kipimo cha vitamini B12, maana metformin, vile vidonge vya kisukari, ikitumika miaka mingi huweza kuishusha, na upungufu wake nao huleta usahaulifu, ila huo unatibika. Miaka kumi na minane, ndiyo kwanza nalisikia hilo!

Siku hizi sindano anaishika binamu yangu, na kila dozi inaandikwa kwenye daftari.

Mwezi uliopita nilimwomba nesi, kabla hajamtoboa kidole, amuulize shangazi kala nini asubuhi. Akamuuliza.

"Sijatia kitu mdomoni tangu jana, mwanangu," akajibu.

Alikuwa amekula vitumbua viwili, namwangalia.