Mvinyo, mkate na siasa ya zabibu: je, duka dogo la Dodoma lionjeshe kila wiki?

Duka la mvinyo lenye rafu mbili na friji moja haliwezi kushindana na supamaketi kwa bei. Linaloweza kutoa ni jioni moja ya kuonja kila wiki: chupa nne zinafunguliwa, mkate unakatwa, mwenye duka anasema neno juu ya mambo ya nchi. Wapo wanaoamini hiyo ndiyo njia ya kumzoesha mnunuzi wa Dodoma zabibu za kwao. Wengine wanasema ni hasara iliyopambwa, na kwamba kuchanganya siasa na pombe ni kujitafutia balaa. Sisi tunaona jioni hiyo inafaa, tena siasa ndiyo inayoipa maana, ila kwa namna tofauti na inavyofanywa mara nyingi.

Fedha kwanza. Chupa ya kawaida ina mililita 750. Watu 12 wakimiminiwa mililita 50 kila mmoja, zinaondoka 600. Zilizobaki ni za mwenye duka kujiridhisha mapema kwamba chupa haijaharibika, na za atakayeomba kurudia. Tuchukulie chupa inaingia dukani kwa Sh 12,000 na kuuzwa Sh 15,000. Chupa nne ni Sh 48,000. Ongeza Sh 6,000 za unga, hamira na mkaa, na Sh 6,000 za maji ya kunywa, jioni imekula Sh 60,000. Kwa faida ya Sh 3,000 kwa chupa, lazima ziuzwe chupa 20 ili gharama irudi tu, pango na msaidizi hujawahesabu. Watu 12 hawanunui chupa 20 kwa mkupuo. Wanaosema kuonjesha bure kila wiki kunaua duka wana haki.

Kiingilio cha Sh 5,000 kinafuta pengo lote, lakini kinaleta suala la leseni. Sheria ya Vileo inatenganisha leseni ya kuuza chupa za kwenda nazo na ile ya kuuza kinywaji cha kunywea palepale. Mwenye ile ya kwanza akitoza watu na kuwamiminia, anaweza kuhesabiwa kuwa anaendesha baa. Aende kwa afisa biashara wa Jiji kabla ya kutangaza jioni ya kwanza, na kiingilio nacho kikatiwe risiti ya mashine ya kodi (EFD).

Upande wa mvinyo wenyewe, adui mkubwa Dodoma ni joto. Oktoba na Novemba, rafu ya duka lisilo na kiyoyozi hufika nyuzi 30. Mvinyo mwekundu ukimiminwa hivyo, pombe hutangulia puani na ladha ya tunda hupotea, kisha mtu anaondoka akisema mvinyo wa Dodoma ni mkali. Kosa si la zabibu. Mwekundu unataka nyuzi 16 hadi 18, yaani saa moja na nusu hivi ndani ya friji. Mweupe, nyuzi 8 hadi 10, uingie tangu asubuhi. Umeme ukikatika, tia chupa kwenye ndoo ya barafu, maji na konzi ya chumvi. Usiweke barafu peke yake, kwa sababu haigusi chupa pande zote. Maji ndiyo yanayosambaza ubaridi.

Hewa kavu nayo ina madhara yake. Chupa ya kizibo cha gome ikisimamishwa miezi mingi, kizibo hukauka na kusinyaa, hewa ikaingia na mvinyo ukaelekea kuwa siki. Ilazwe. Harufu ya boksi lililoloa ni dalili ya kizibo kibovu, na kizibo kilichosukumwa juu kinaonyesha chupa ilipikwa na joto njiani. Hizo usimmiminie mgeni.

Mpangilio wa kumimina ni mweupe wa zabibu ya Chenin Blanc kwanza, ulio mkavu, yaani usio na utamu, kisha mwekundu wa Makutupora, zabibu ya hapa Dodoma, kisha mwekundu wa Syrah, na mtamu mwisho kabisa. Maduka mengi hukosea hapa: mtamu ndio unaouzika, basi wanautanguliza, na kila kinachofuata kinaonekana kichachu. Weka pia kopo la kutemea. Mililita 200 za mvinyo wa asilimia 12 zina mililita 24 za pombe halisi, na kuna mtu atakayerudi nyumbani na pikipiki.

Mkate wengi huuchukulia kama kishikizo cha tumbo, kumbe unaweza kuharibu au kuokoa jioni nzima. Boflo la kawaida la mitaani lina sukari na mafuta, na sukari mdomoni hufanya mvinyo mkavu uonekane mchungu na mchachu zaidi. Unahitajika mkate usio na sukari, wenye chumvi ya kutosha, kwa sababu chumvi hupunguza ule ukakasi wa mvinyo mwekundu. Kwa watu 12: gramu 800 za unga wa ngano, gramu 200 za unga wa mtama, mililita 650 za maji baridi, gramu 20 za chumvi na gramu 4 za hamira kavu. Kanda saa 7 mchana. Katika joto la Dodoma donge huumuka maradufu kwa saa moja na nusu; ukilisahau kwa muda wa saa tatu, linaporomoka na kunuka pombe. Ligawe mara mbili, lipumzike dakika 40, oka kwa nyuzi 220 kwa dakika 35 hadi 40. Kisha subiri saa nzima kabla ya kukata. Mkate wa moto hunata ndani, na mvuke wake wa hamira hufunika harufu ya mvinyo.

Mtama tunautetea kwa moyo wote, kwani ni nafaka ya mkoa huu na unaleta ladha nzito inayokubaliana na Makutupora. Ila usipite robo ya unga. Mtama hauna ile hali ya kunata iliyo kwenye ngano, na mkate utavunjika vunjika.

Sasa siasa. Dodoma, mvinyo hauelezeki bila siasa. Mwenye kuuliza kwa nini chupa hii ina bei hii lazima aambiwe kwamba ushuru wa bidhaa ni nafuu kwa mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake ni za nchini. Lazima asikie habari za DOWICO, kiwanda cha umma kilichokufa, na wakulima wa Hombolo na Mpunguzi ambao hugeuza zabibu kuwa mchuzi, yaani juisi iliyokamuliwa ya kutengenezea mvinyo, kisha wakasubiri mnunuzi. Zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, karibu na Machi na tena Agosti hadi Septemba. Bunge la bajeti huanza Aprili na kwisha Juni, mavuno ya kwanza yakiwa yametoka shambani. Ni wapi pengine mkulima, mnywaji na mtunga sheria wanaishi mji mmoja?

Wanaopinga nao hawasemi ovyo. Wateja wengi ni watumishi wa umma, na maadili ya kazi yao yanawataka wasijionyeshe upande wa chama. Katazo la mikutano ya hadhara ya vyama lililoanza 2016 liliondolewa Januari 2023 tu, hivyo tahadhari haijatoka mioyoni. Halafu kuna simu: maneno ya mezani yakirekodiwa na kurushwa mtandaoni, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaweza kumfuata aliyeyarusha, na jina la duka likawa humo humo.

Tunachopendekeza ni dakika kumi kabla ya kumimina, si baada ya glasi ya tatu. Jambo liwe moja, linalogusa chupa iliyo mezani: ushuru, bei ya zabibu, maji ya umwagiliaji wa zabibu Chinangali. Mwenye duka aseme hoja ya serikali na ya mkulima, kisha amwachie yeyote ajibu. Vyama na majina ya wagombea vibaki nje, simu ziwe mfukoni. Mwezi wa kampeni, onjesha bila hotuba.

Kila wiki tungeonjesha Aprili hadi Juni tu, Bunge la bajeti likiwa mjini. Miezi mingine, kila wiki ya pili inatosha. Siku iwe Alhamisi, maana tangu treni ya SGR, reli mpya ya kisasa, ifike Dodoma 2024, Ijumaa jioni wengi wako safarini kwenda Dar es Salaam. Watu wajiandikishe Jumatano. Wakijiandikisha saba tu, fungua chupa mbili na oka nusu ya donge: Sh 24,000 za mvinyo, Sh 3,000 za mkate na Sh 4,000 za maji ni Sh 31,000, na viingilio vyao ni Sh 35,000.