Mseto, RTLM na mahakama tatu za Arusha

Agosti 2016, Nape Nnauye, wakati huo Waziri wa Habari wa Tanzania, alilifungia gazeti la wiki la Mseto kwa miezi 36. Gazeti lilikuwa limeandika habari ya tuhuma za rushwa zilizomgusa naibu waziri na fedha za kampeni ya urais ya 2015. Mhariri akaenda Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki, na tarehe 21 Juni 2018 akashinda: majaji walisema amri ile haikuwa halali, wakaagiza gazeti liachwe lichapishwe. Leseni ilipatikana Februari 2022, na aliyeikabidhi ni Nape yule yule, akiwa amerudi kwenye wizara ya habari.

Kutoka hukumu hadi leseni imepita zaidi ya miaka mitatu na nusu. Gazeti dogo halisubiri hivyo likabaki hai. Waandishi wanatafuta kazi kwingine, matangazo yanahama, wauzaji wa mikoani wanazoea kupokea magazeti mengine. Ndiyo maana naona hukumu ya Mseto, pamoja na uzito wake wote, ni ushindi uliofika umechoka.

Hata hivyo upande wa serikali una hoja, na hoja hiyo nayo ina makazi Arusha. Katika jiji hilo hilo, Desemba 2003, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waanzilishi wa redio RTLM ya Rwanda, pamoja na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura. RTLM ilianza kurusha matangazo Julai 1993, ikipiga muziki na kuchekesha watu. Mwaka uliofuata ilikuwa inataja majina ya watu wa kuuawa na mahali walipo. Kiongozi wa ukanda huu anayesema kalamu inaweza kuua hatungi hadithi ya kutisha watoto. Na madhara ya saa chache hayangoji kesi ya miaka: aliyechafuliwa jina leo, wakili anamgharimu, na hukumu ikija watu wameshaamini walichokisoma.

Lakini tuangalie wale watu wa RTLM walifungwaje. Kesi yao ilianza Oktoba 2000. Matangazo yaliletwa mahakamani, mashahidi wakasikilizwa, utetezi ukajibu. Rufaa ilipoamuliwa Novemba 2007, majaji walipunguza vifungo na kutenganisha mambo mawili ambayo wanasiasa wetu hupenda kuyachanganya: maneno ya chuki, hata yawe machafu kiasi gani, na uchochezi wa moja kwa moja wa mauaji ya kimbari. Yale ya RTLM yaliyohesabiwa kuwa uchochezi wa namna hiyo ni yaliyorushwa baada ya tarehe 6 Aprili 1994, siku ndege ya Rais Habyarimana ilipodunguliwa na mauaji yakaanza. Ikiwa hata kwa mauaji ya kimbari majaji walipima neno kwa neno na siku kwa siku, habari ya tuhuma za rushwa inafungiwaje kwa maoni ya waziri mmoja? Sheria ya Magazeti ya 1976, iliyotumika kwa Mseto, ilimruhusu waziri kufungia gazeti kwa kuona tu kwamba maslahi ya umma yanadai hivyo.

Mahakama ya tatu ya Arusha, ile ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ilichora mstari huo vizuri Desemba 2014. Lohé Issa Konaté, mhariri wa Burkina Faso, alikuwa amefungwa miezi 12 kwa kuandika tuhuma dhidi ya mwendesha mashtaka, na gazeti lake likasimamishwa miezi sita. Mahakama ilisema kifungo hakistahili kwa kashfa, isipokuwa mambo mazito kama kuchochea chuki, ubaguzi au vurugu. Majaji wanne walitaka kwenda mbali zaidi, kashfa itoke kabisa kwenye jinai. Mimi niko na hao wanne, ingawa nakiri kwamba fidia ya madai haimsaidii mnyonge aliyekashifiwa kama hana nauli ya kwenda kortini.

Kuhusu dharura, ambayo ndiyo hoja nzito ya serikali, dawa ipo. Ombi chini ya hati ya dharura linaweza kusikilizwa haraka, na jaji akatoa zuio la muda kwa habari moja au toleo moja. Huko serikali italazimika kuonyesha madhara, na mhariri atakuwa na nafasi ya kujibu kabla watu hawajapoteza ajira.

Kumekuwa na hatua. Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki ilisema vifungu vingi vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, vikiwemo vya kashfa, uchochezi na mamlaka ya waziri kuzuia uchapishaji, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Juni 2023 Bunge likaifanyia sheria hiyo marekebisho, na kashfa ikatolewa kwenye jinai. Hesabu miaka tena: minne.

Wakati huo huo mlango mwingine umefungwa. Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na mashirika kwenda moja kwa moja Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, mahakama ambayo makao yake yako kwenye ardhi yetu wenyewe. Iliyobaki ni ile ya Jumuiya, na Mkataba unampa mlalamikaji miezi miwili tu kufungua shauri. Mhariri anayepokea barua ya kufungiwa leo aanze kuhesabu siku leo hii, kabla hata hajaanza kutafuta pesa za mishahara ya mwezi huu.